Urani ya Mkuju: Kipimo cha udongo kabla ya mgodi ndicho ushahidi wa wanakijiji

Na Mwandishi Wetu

RAIS Samia Suluhu Hassan alipozindua mtambo wa majaribio wa kusafisha urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mwishoni mwa Julai 2025, mazungumzo mengi yaliyofuata yalihusu fedha. Yalizungumzwa ajira, mrabaha, kodi na nafasi ya Tanzania miongoni mwa nchi zinazouza madini hayo. Swali jingine, ambalo huulizwa zaidi vijijini kuliko katika kumbi za mikutano, lilipewa nafasi finyu: je, udongo wa Namtumbo ulikuwa na mionzi kiasi gani kabla tingatinga halijagusa ardhi?

Swali hilo halipaswi kuachiwa wanasayansi peke yao. Tuseme miaka 20 ijayo mkulima wa kijiji cha Likuyu anafikisha malalamiko kwamba kisima chake au shamba lake limeharibiwa na mgodi. Jibu la kwanza atakalopewa ni kwamba mionzi hiyo ilikuwapo tangu enzi za mababu. Jibu hilo litakuwa na ukweli ndani yake, na hapo ndipo ugumu ulipo. Urani ya Namtumbo haikuletwa na mtu. Ili kutenganisha ile iliyowekwa na maumbile na ile itakayotolewa chini na kusambazwa juu kwa kazi ya uchimbaji, hakuna njia nyingine isipokuwa kuwa na takwimu zilizochukuliwa mapema, zikaandikwa na kuhifadhiwa mahali ambapo kila mhusika anaweza kuzisoma.

Udongo wote duniani una mionzi. Hakuna shamba, uwanja wa mpira wala makaburi yasiyo nayo. Chanzo chake ni vitu vitatu hasa: urani, thoriamu na aina moja ya potasiamu inayoitwa potasiamu-40. Urani-238 huhitaji takriban miaka bilioni 4.5 ili nusu yake tu ipungue, muda unaokaribia umri wa dunia yenyewe. Thoriamu huhitaji kama bilioni 14. Vitu hivyo vinapovunjika polepole huzaa vingine, navyo huzaa vingine, katika ukoo mrefu unaoishia kwenye risasi. Miongoni mwa wana wa ukoo wa urani wamo radiamu, ambayo mwili huipokea kana kwamba ni chokaa ya mifupa, na radoni, ambayo ni gesi isiyo na rangi wala harufu.

Kipimo kinachotumika ni bekereli, yaani tukio moja la kuvunjika kwa kiini cha atomu kila sekunde. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi, katika taarifa yake ya mwaka 2000, ilitoa viwango vya kati vya dunia kuwa bekereli 35 za urani, 30 za thoriamu na 400 za potasiamu-40 katika kila kilo ya udongo. Takwimu hizo tatu ndizo mizani ambayo karibu kila mtafiti wa udongo barani Afrika amepimia matokeo yake tangu wakati huo.

Kwa Likuyu, kipimo cha awali kipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mwaka 2013 matokeo ya udongo na maji ya kijiji hicho kilicho jirani na mashapo ya Mkuju. Katika udongo walikuta wastani wa bekereli kama 52 za urani, 36 za thoriamu na 564 za potasiamu-40 kwa kilo. Zote tatu zimezidi viwango vya kati vya dunia, na mtu mwenye kutafuta kichwa cha habari cha kutisha angeishia hapo.

Hata hivyo, hesabu ikiendelezwa, picha hubadilika. Wataalamu hutumia vizidisho maalumu kugeuza bekereli za udongo kuwa kipimo cha mionzi hewani, mita moja juu ya ardhi. Kila bekereli ya urani huzidishwa kwa 0.462, ya thoriamu kwa 0.604 na ya potasiamu kwa 0.0417. Kwa Likuyu jumla yake ni kama nanogrei 69 kwa saa, wakati wastani wa dunia ni 59. Mtu anayekaa nje moja ya tano ya siku hupata kutokana na udongo huo chini ya sehemu moja ya kumi ya milisivati kwa mwaka. Ni kiasi kidogo. Mwanadamu wa kawaida, kwa mujibu wa taarifa hiyo hiyo ya 2000, hupata milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka katika vyanzo vya asili vyote: anga, ardhi, chakula na hewa.

Kwa maneno mengine, takwimu za 2013 hazisemi kwamba watu wa Likuyu waliishi katika hatari. Zinasema walipoanzia. Thamani yake itaonekana siku ambayo mtu atarudi kupima tena mahali pale pale.

Lakini kupima pale pale, na kwa namna ile ile, ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana katika picha za televisheni, ambapo ofisa anashika kifaa cha mkononi kinacholia juu ya jiwe. Kifaa hicho huonyesha kwamba mionzi ipo na kukadiria wingi wake kwa jumla. Hakiwezi kusema ni kiasi gani kinatoka kwa urani na kiasi gani kwa potasiamu isiyo na madhara ya kutajwa, wala hakigusi kilichomo ndani ya maji.

Kipimo kinachofaa kuwa kumbukumbu huanza kwa jembe dogo. Udongo huchukuliwa katika vituo vingi vilivyopangwa, kwa kina kinachojulikana, na mahali pa kila kituo huandikwa kwa vipimo vya setilaiti. Mizizi na mawe huondolewa. Udongo hukaushwa katika tanuri hadi uzito wake usibadilike tena, husagwa na kuchekechwa, kisha hujazwa katika chombo kinachofungwa barabara kisipitishe hewa. Baada ya hapo chombo huwekwa rafuni kwa takriban wiki nne.

Kusubiri huko kuna sababu. Radiamu yenyewe hutoa ishara hafifu, kwa hiyo wataalamu huipima kwa kuwatazama watoto wake, risasi-214 na bismuthi-214, ambao huzaliwa baada ya radoni. Nayo radoni ni gesi, na udongo unapochotwa na kusagwa, sehemu yake hutoroka. Kwa kuwa hupungua nusu kila baada ya siku 3.8, zinahitajika kama siku 27 ndani ya chombo kilichofungwa ili irudi katika uwiano na mzazi wake. Asiyesubiri hupata namba ndogo kuliko ukweli. Siku hizo 27 ndizo mtu mwenye haraka ya kukamilisha ripoti ya mazingira huweza kuziruka, na msomaji wa ripoti asiyeuliza hatajua.

Kisha chombo huingizwa ndani ya kasha la risasi nzito linalozuia mionzi ya nje, mbele ya kigunduzi cha jerimaniamu kilichopozwa kwa naitrojeni ya maji hadi nyuzi 196 chini ya sifuri. Huachwa humo saa nyingi, wakati mwingine usiku kucha. Kila kitu chenye mionzi hutoa miale yenye nguvu yake maalumu, mfano wa alama ya kidole. Potasiamu-40 hujitambulisha kwa nguvu ya 1,461 katika kipimo cha kiloelektronivolti, bismuthi-214 kwa 609, na taliamu-208 ya ukoo wa thoriamu kwa 2,614. Kompyuta huhesabu, na mtaalamu huondoa kile kilichotoka katika kuta za maabara yenyewe.

Vifaa vya namna hiyo ni ghali na havipatikani kila mkoa. Nchini Tanzania kazi hiyo iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 ikirithi kazi za Tume ya Taifa ya Mionzi ya miaka ya 1980, na ambayo kwa miaka mingi imekuwa na maabara zake mkoani Arusha. Vyuo vikuu navyo vimefanya sehemu kubwa ya tafiti zinazojulikana. Halmashauri ya kijiji haina uwezo huo, na hapo ndipo pengo la nguvu linapoanzia: anayeathirika hana kipimo, na mwenye kipimo hakai kijijini.

Jambo jingine huchanganya watu, wakiwamo baadhi ya waandishi wa tafiti. Ni kikomo cha milisivati moja kwa mwaka kwa mtu wa kawaida. Mara nyingi hutajwa kana kwamba udongo ukitoa zaidi ya hapo, sheria imevunjwa. Sivyo. Kikomo hicho kiliwekwa kwa mionzi inayoongezwa na shughuli za binadamu zilizopangwa, kama vile kiwanda, mgodi au mtambo wa nyuklia, na hakihesabu ile ya asili. Ingekuwa vinginevyo, karibu dunia nzima ingekuwa imevuka mpaka, kwa sababu wastani wa asili peke yake ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Na kwa sababu kikomo kinahusu nyongeza, hakuna awezaye kukitekeleza bila kujua kilichokuwapo kabla. Mgodi usio na kipimo cha awali ni sawa na duka lisilo na hesabu ya mali siku ya kufunguliwa.

Mfano wa kufikirisha uko ng'ambo ya mpaka, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya. Mlima Mrima ni kilima chenye msitu, na ni miongoni mwa kaya zinazoheshimiwa na Wadigo. Chini ya miti hiyo kuna mwamba wenye niobiamu na madini adimu, ukiwa pia na thoriamu nyingi. Watafiti wa Kenya waliochapisha matokeo mwaka 2011 walikuta katika udongo wa eneo hilo wastani wa bekereli kama 500 za thoriamu kwa kilo, zaidi ya mara 16 ya kiwango cha kati cha dunia, pamoja na kama 207 za radiamu na 805 za potasiamu-40. Kwa vizidisho vile vile vilivyotumika kwa Likuyu, hiyo ni zaidi ya nanogrei 430 kwa saa, mara saba ya wastani wa dunia.

Mrima haujachimbwa kwa kiwango cha biashara. Leseni iliyotolewa mwaka 2013 ilifutwa mwaka huo huo, kampuni ikaishitaki Kenya katika usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2018 Kenya ikashinda. Kwa hiyo mionzi ya Mrima ni ya asili, na watu wameishi pembezoni mwake vizazi kwa vizazi. Wapo wanaoitumia hali hiyo kama hoja kwamba hakuna la kuhofia. Wapo wanaoitumia kama hoja kwamba wakazi wahamishwe. Hoja zote mbili zinaruka kitu kimoja, nacho ni nyumba.

Familia nyingi za vijijini Kwale hujenga kwa udongo unaochimbwa hapo hapo, ukikandikwa juu ya fito. Udongo wenye thoriamu ukiwa ukuta, mtu halali tena juu ya mionzi tu, bali amezungukwa nayo. Tena thoriamu huzaa gesi yake, toroni, ambayo hupungua nusu kwa chini ya dakika moja. Kwa uhai huo mfupi, haisafiri mbali. Inayotoka chini ya sakafu nene hufa njiani, lakini inayotoka kwenye uso wa ukuta huingia chumbani na kujikusanya karibu na ukuta wenyewe. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, uliacha mashamba ukageukia gesi hizo ndani ya nyumba za udongo za Mrima. Huo ulikuwa mwelekeo sahihi. Mtu hutumia ndani ya nyumba saa nyingi kuliko shambani, na kitanda mara nyingi huegemezwa ukutani.

Habari njema ni kwamba dawa yake ni nafuu. Kwa kuwa toroni hutoka katika tabaka jembamba la juu la ukuta, lipu ya chokaa au ya udongo ulioletwa kutoka kwingine hupunguza sana kiasi kinachopenya. Dirisha linalofunguka hupunguza radoni. Mambo hayo hayahitaji mkopo wa benki ya dunia, ila yanahitaji mtu wa kuyaeleza kwa Kidigo na Kiswahili, kwa kituo cha afya na shuleni.

Radoni ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi katika hesabu ya afya. Katika zile milisivati 2.4, karibu nusu hutokana nayo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kuwa gesi hiyo ni chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya uvutaji wa sigara, na kwamba husababisha kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani hizo kutegemea nchi. Lilipendekeza nchi zilenge bekereli 100 kwa mita ya ujazo ya hewa ya ndani, na pale isipowezekana zisivuke 300. Anayevuta sigara yuko katika hatari kubwa zaidi, kwani madhara ya moshi na ya radoni huongezana nguvu. Nyumba za pwani zenye matundu na paa la makuti zina nafuu yake, kwani upepo hauombi ruhusa. Nyumba za nyanda za baridi, zinazofungwa usiku kucha kwa ajili ya ubaridi, ndizo zingestahili kupimwa kwanza.

Kuhusu mionzi ya udongo inayompiga mtu kutoka nje, ushahidi wa kisayansi ni wa kutuliza kuliko wengi wanavyodhani. Katika pwani ya Kerala, India, mchanga una monaziti yenye thoriamu, na baadhi ya wakazi hupata mionzi mara kadhaa ya wastani wa dunia. Watafiti waliwafuatilia watu karibu 70,000 wa Karunagappally kwa zaidi ya miaka 10, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 hawakuona ongezeko la saratani linalotokana na mionzi ya ardhi. Huko Ramsar nchini Iran kuna nyumba zilizopimwa zikawa na viwango vikubwa zaidi ya hapo. Wataalamu wa kinga bado hushikilia kanuni kwamba kila kipimo, hata kidogo, kichukuliwe kuwa kina hatari yake ndogo. Hiyo ni kanuni ya tahadhari, na haiwezi kugeuzwa kuwa hesabu ya wagonjwa wa kijiji fulani.

Kwa sababu hiyo, desturi ya kuhusisha kila uvimbe na kila mimba iliyoharibika na urani iliyo ardhini inastahili kutazamwa kwa makini. Wilayani Bahi, mkoani Dodoma, na Manyoni, mkoani Singida, ambako utafutaji wa urani ulishika kasi katika miaka ya 2000, wakulima wa mpunga na wavuvi wa bwawa la Bahi walijikuta kati ya makampuni yasiyoeleza mengi na wanaharakati walioeleza kupita kiasi. Hofu ilijaza nafasi ambayo takwimu zingeijaza. Lawama ya hilo haiwaendei wanakijiji. Mtu asiyepewa namba hukisia, na ni haki yake kukisia.

Yapo maeneo ambayo tahadhari si ya kinadharia. Minjingu, mkoani Manyara, kando ya Ziwa Manyara, ni mahali ambapo fosfeti ya mbolea huchimbwa, mashapo yaliyogunduliwa mwaka 1956 kwa ndege iliyokuwa ikipima mionzi kutoka angani. Mbolea hiyo iligunduliwa kwa mionzi yake. Uchimbaji ulianza mwaka 1983. Utafiti wa wataalamu wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta katika mwamba huo zaidi ya bekereli 5,000 za radiamu kwa kilo, na mionzi ya hewani mgodini zaidi ya mara 20 ya wastani wa dunia unaotokana na ardhi.

Kanuni za usalama za Wakala wa Kimataifa wa Nguvu za Atomiki huweka mstari kwenye bekereli 1,000 kwa kilo kwa vitu vya ukoo wa urani na thoriamu. Nyenzo inayozidi hapo inapaswa kuangaliwa na mdhibiti. Udongo wa Mrima, kwa wastani wake, uko chini ya mstari huo. Mwamba wa Minjingu umeuvuka mara tano. Anayehusika kwanza ni mfanyakazi anayesaga na kupakia, ambaye huvuta vumbi. Kinga yake ni maji ya kutuliza vumbi, barakoa inayofaa, zamu zilizopangwa na kipimo cha mionzi anachovaa kifuani ambacho matokeo yake anasomewa.

Na mkulima anayeweka mbolea hiyo shambani je? Hesabu nyepesi inatosha. Kilo 100 za fosfeti yenye bekereli 5,000 kwa kilo huleta bekereli 500,000 katika ekari moja. Udongo wa ekari hiyo hadi kina cha jembe, sentimita 20, una uzito wa zaidi ya kilo milioni moja. Nyongeza kwa msimu ni chini ya nusu bekereli kwa kilo, penye 35 za kawaida. Ingemchukua mkulima misimu isiyopungua 70, akiweka kiasi hicho kila mara bila kukosa, ili aongeze kiasi kinacholingana na kile ambacho shamba la kawaida lilikuwa nacho tangu mwanzo. Anayeogopa mahindi yaliyokuzwa kwa fosfeti ya Minjingu anaogopa kisichopaswa kuogopwa, huku mpakiaji asiye na barakoa akisahaulika.

Kwa Namtumbo, udongo wenyewe huenda usiwe sehemu yenye hatari kubwa kuliko zote. Mashapo ya Mkuju yamo ndani ya mawe ya mchanga, na urani katika mawe ya aina hiyo hutembea na maji. Ikiwa mwamba utachimbwa na kusagwa, itabaki miamba iliyosagwa yenye radiamu karibu yote iliyokuwamo, kwa sababu kiwanda huchukua urani na kuwaacha wanawe. Radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600, muda unaozidi umri wa leseni yoyote. Ikiwa itatumika njia ya kuyeyusha madini chini chini na kuyavuta kwa visima, hakutakuwa na shimo kubwa wala vumbi jingi, lakini maji ya ardhini yatakuwa ndiyo sehemu ya kazi yenyewe.

Upande wa maji, kipimo cha mionzi peke yake kinaweza kudanganya. Urani ni sumu ya figo kwa kemia yake kabla haijawa hatari kwa mionzi yake. Shirika la Afya Duniani linaruhusu mikrogramu 30 kwa lita, kiasi ambacho kwa urani-238 ni takriban bekereli 0.37 tu. Mwongozo wa mionzi kwa kitu hicho hicho ni bekereli 10. Kwa hiyo kisima kinaweza kupita mtihani wa mionzi kwa alama nzuri na papo hapo kikaanguka mtihani wa sumu. Taarifa yoyote itakayosema maji ni salama kimionzi, bila kutaja mikrogramu, itakuwa imejibu nusu ya swali.

Eneo la mradi lilitengwa kutoka Pori la Akiba la Selous baada ya Kamati ya Urithi wa Dunia kuridhia mwaka 2012 kubadilishwa kwa mpaka wake, na leseni ikafuata mwaka 2013. Bei ya urani, iliyokuwa imeporomoka baada ya ajali ya Fukushima ya mwaka 2011, iliulaza mradi kwa miaka mingi. Wanakijiji hawakuomba ucheleweshaji huo, lakini uliwapa muda wa nyongeza wa kupima kabla ya kazi kubwa kuanza. Muda huo unazidi kupungua, ingawa mtambo wa 2025 ulikuwa wa majaribio.

Linalohitajika linajulikana. Vituo vya udongo vya Likuyu na vijiji vingine vya jirani virudiwe, kwa kina kile kile na kwa subira ya wiki nne. Visima vipimwe mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na mwisho wa kiangazi, kwa bekereli na kwa mikrogramu. Nyumba kadhaa ziwekewe vigunduzi vya radoni kwa mwaka mzima, kwa kuwa gesi hiyo hupanda na kushuka kwa majira. Sehemu ya sampuli za udongo ihifadhiwe bila kutumika, mahali pasipomilikiwa na mwekezaji, ili mwaka wowote ujao zifunguliwe na maabara nyingine.

Matokeo yenyewe yakiwa katika Kiingereza, ndani ya jarida linalosomwa na watu 200, hayamsaidii mwenyekiti wa kijiji. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye jina la kisima, tarehe, namba na kiwango kinachoruhusiwa, uliobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na nakala yake kubaki wilayani, ungetosha kwa kuanzia.